Mchoro wa Waya Ubaki Kiwandani

Nimekuwa kimya wiki mbili, na chanzo ni waya mbili tu.

Hapa Section 58 majirani wananijua kama "yule wa kompyuta", basi jioni moja nikaitwa kwenye kiwanda kidogo cha maziwa nje ya Nakuru. Skrini ya kugusa, ile ya kuangalia joto la tangi na kuwasha pampu, ilikuwa imebadilishwa mchana. Sasa ilionyesha nyota tupu mahali pa namba. Kontrola kabatini ilikuwa nzima. Tangi lilikuwa limejaa, na vijana walikuwa wakipima maziwa kwa kipimajoto cha mkono kila nusu saa.

Nina digrii ya sayansi ya kompyuta, kwa hiyo nikafanya kile tufanyacho sisi: nikafungua laptopu nikaanza kulaumu programu. Saa tatu zikapotea hivyo!

Poti siriali hupeleka biti moja moja kwenye waya. RS-232, ya tangu 1960, hupima volti dhidi ya waya wa ardhi, na haifai kuvutwa mbali kuliko mita 15 hivi. RS-485, ya 1983, ina waya mbili zilizosokotwa, A na B, na mpokeaji husoma tofauti kati yao. Kelele za mota zikiingia huziingia zote mbili karibu sawa, kwa hiyo tofauti inabaki. Ndiyo maana inaweza kufika mita 1200. Shida ni kwamba kampuni moja huita A kile ambacho nyingine inakiita B. Ukikosea huoni cheche wala moshi, ni kimya tu.

Skrini mpya ilikuwa ya kampuni nyingine, na fundi aliunganisha A kwa A. Nikazigeuza. Bado kimya. Kumbe kontrola ilitaka pariti shufwa na skrini haikuwekewa pariti yoyote. Hilo nililipata kwa kubahatisha, mpangilio mmoja baada ya mwingine, usiku wa manane.

Simlaumu fundi. Waliofunga mtambo waliacha orodha ya rejista tu. Mchoro wa waya na mpangilio wa poti waliondoka nao. Maoni yangu: mwenye kiwanda asitoe malipo ya mwisho kabla ya kukabidhiwa mchoro, mpangilio, na nakala ya programu ya kontrola. Wengine watasema tuhamie kebo za mtandao. Sawa, kwa mtambo mpya, lakini hata huko kuna anwani ambazo lazima mtu aziandike mahali.

Nimebandika karatasi ndani ya mlango wa kabati: pini, rangi za waya, 9600, biti 8, shufwa, kituo namba 1. Meneja akauliza kama na karatasi nitaitoza. Nakala ya programu ya kontrola bado tunaitafuta.