Maziwa ya Mlima Kenya na Lugha ya Wapagazi

Jumamosi alfajiri, mbele ya jumba la kuhifadhia kumbukumbu za taifa katika Barabara ya Moi jijini Nairobi, si ajabu kukuta vijana waliobeba mabegi makubwa mgongoni wakisubiri basi. Wengine wametoka Kangemi na Kawangware, wengine Westlands na Kikuyu, na si haba walio wanafunzi wa vyuo vyetu. Wanaokwenda Ngong au Longonot hurudi jioni. Waliojiandaa zaidi hupitia Embu na Chuka hadi Chogoria, na kutoka hapo huanza safari ya siku kadhaa kwa miguu kuyaendea maziwa yaliyo juu ya Mlima Kenya. Zamani tuliambiwa kuwa huo ni mchezo wa Wazungu. Maneno hayo yamepitwa na wakati, na ni heri.

Lililobaki nyuma ni lugha. Agosti iliyopita niliwaomba wanafunzi wanne waliorejea kutoka huko wanisimulie kwa Kiswahili waliyoyaona katika Ziwa Michaelson. Hawa ni vijana wanaosomea Kiswahili, watu wa kuchambua mofimu bila kutoa jasho. Walianza vizuri, lakini baada ya sentensi tatu wakahamia Kiingereza wala hawakurudi. Bonde, jabali, ukungu, hata kizunguzungu kilichompata mmoja wao, vyote vikasimuliwa kwa Kiingereza. Nilipowauliza sababu, mmoja alinijibu kwa upole: "Mwalimu, Kiswahili ni lugha ya pwani. Huko juu hakifiki."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu, kwa sababu historia inalikanusha. Tarehe 11 Mei 1848, mmishonari Johannes Rebmann alipouona weupe wa kilele cha Kilimanjaro, alimuuliza kiongozi wake wa njia ule weupe ni kitu gani. Jibu alilopewa ni neno moja tu: baridi. Na kamusi zetu zina theluji iliyotoka Uarabuni na barafu iliyotoka Uajemi, maneno yaliyokuja kwa jahazi na kukaa midomoni mwa watu ambao hawakuwahi kuona maji yakiganda juani. Mwaka 1899 Halford Mackinder, Mwingereza aliyefika kilele cha Batian mwezi Septemba mwaka huo, aliondoka Nairobi na msafara uliokuwa na Waswahili 66, Wakikuyu 96 na Wamaasai wawili. Niambie, msomaji, watu hao walielewana kwa lugha gani kama si Kiswahili?

Hata leo, kijana wa Nairobi akipanda kutoka Chogoria huongozwa na watu wa huko kwa Kiswahili. Ndicho kinachotumika kugawa mizigo, kusimamisha hema, kuonyana kuhusu mvua na kumwambia mgeni aende polepole na anywe maji. Lugha hii inaupanda mlima kila siku mgongoni mwa wapagazi. Mahali ambapo haijafika ni kwenye ramani na darasani.

Tuitazame ramani kwanza. Vilele vikuu vitatu, Batian, Nelion na Lenana, vilipewa na Mackinder majina ya malaiboni wa Kimaasai. Mabonde yakaitwa Teleki, Hausburg na Mackinder. Maziwa nayo yakawa Höhnel, Alice, Ellis na Michaelson. Rutundu ni miongoni mwa machache yaliyonusurika. Sasa fuata maji ya Ziwa Michaelson, ziwa lililo karibu mita 4,000 juu ya usawa wa bahari, katika bonde lililochimbwa na barafu ya kale, chini ya ukuta wa mwamba unaosimama wima kama nyumba ya ghorofa nyingi. Yakitoka humo huitwa Mto Nithi. Huteremka kwenye lobelia na mianzi, yakawanywesha watu wa Chogoria na Chuka, yakaingia Mutonga, kisha Tana, kisha Bahari ya Hindi. Kaunti nzima, Tharaka-Nithi, ina jina la mto huo. Maji ni yale yale, lakini juu ni Michaelson na chini ni Nithi. Aliyeyanywa aliyaita kwa lugha yake, na aliyeyachora aliyaita kwa yake.

Wapo wenzangu wanaopendekeza iundwe kamati ya kuyabatiza upya maziwa haya. Siungi mkono. Kamati itakayoketi katikati ya jiji na kuyapa majina maziwa ambayo wajumbe wake hawajayaona itakuwa imefanya kazi ile ile ya wapima ardhi wa kikoloni, tofauti ikiwa kwamba sasa majina yatakuwa ya wanasiasa. Tuna mfano hapa hapa: Barabara ya Moi iliitwa Government Road hapo awali. Utawala ulibadilika, bango likabadilika.

Ninaloliona mimi ni kwamba majina yakusanywe kabla ya kutungwa. Warina asali, wafugaji na wapagazi wa kando ya msitu wamepita huko kwa vizazi vingi, na mtu hapiti mahali pa hatari miaka nenda miaka rudi bila kupapa jina. Mwanafunzi wa isimu mwenye daftari na adabu anaweza kukaa nao wiki mbili akarudi na mengi. Yatakayopatikana yaandikwe kwenye ramani kando ya yale ya Kizungu, na watumiaji wenyewe waamue yapi yatadumu. Waingereza nao walifanya hivyo hivyo. Neno lao la ziwa dogo la mlimani, ambalo wanafunzi wangu walilishikilia kana kwamba halina mfano, lilikuwa neno la watu wa kaskazini ya nchi yao, waliloachiwa na wahamiaji kutoka Skandinavia. Sisi tunashindwa na nini, ilhali tuna ziwa na maziwa? Nidokeze kwa kupita kwamba Kiswahili huita kwa neno moja, maziwa, yale ya kunywa na yale ya kuogelea, na Kikuyu hufanya vivyo hivyo kwa neno iria. Sijui lugha nyingi zenye bahati hiyo.

Darasani jambo hili lina uzito zaidi, maana linahusu uhai. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Mtu akipanda haraka kutoka hapo hadi mita 4,000, hewa humpungukia: kichwa huuma, hutapika, hukosa usingizi. Akizidi kupanda, mapafu yanaweza kujaa maji akafa, na dawa ya kwanza ni kushuka. Yule mwanafunzi aliyeshikwa na kizunguzungu alidhani ni uchovu. Aliyemteremsha ni mpagazi aliyemsikia akilalamika, kwa Kiswahili, kwamba kichwa kinamgonga. Karatasi ya maonyo aliyopewa kabla ya safari ilikuwa ya Kiingereza, nayo ilikuwa imekunjwa ndani ya begi.

Na majira je? Vitabu vya hadithi vya ng'ambo humfundisha mtoto kuwa Agosti ni kiangazi, wakati wa fulana na kaptura. Agosti hapa kwetu ni kipupwe: Kabete nzima imevaa makoti. Mlimani mvua huwa imepungua ukilinganisha na Aprili, lakini kando ya ziwa jua la adhuhuri hubabua uso na kabla ya mapambazuko hema huwa jeupe kwa jalidi. Joto na baridi hubadilishana huko kati ya mchana na usiku, na anayeufuata msamiati wa watu wa mbali atatetemeka.

Nasi walimu bado tunasahihisha insha ambamo majogoo huwika, miale ya jua hupenya dirishani, basi huanza safari ya Mombasa na Mungu si Athumani. Badala ya insha ya arubaini ya namna hiyo, mtaala wa umilisi, unaosisitiza kujifunza kwa kutenda, unatupa nafasi ya kumwagiza mwanafunzi aeleze namna bonde linavyochimbwa na barafu, au aandike maonyo ya mpanda mlima kwa Kiswahili ambacho babake ataelewa.

Najua shule nyingi haziwezi kugharimia safari, na ada za kuingia katika hifadhi si za mtoto wa Kawangware. Lakini mlima uko karibu kilomita 140 tu kwa mstari ulionyooka. Asubuhi isiyo na mawingu huonekana kutoka sehemu za juu za magharibi ya jiji, ingawa picha ya namna hiyo ilipoenea mwaka 2020 wapo wakazi wa Nairobi walioapa kuwa ni ya uongo. Na huko Kangemi na Kawangware kuna wazazi waliozaliwa Chuka, Meru, Embu na Kirinyaga, waliochunga mbuzi kando ya msitu huo kabla ya kuja kutafuta kazi mjini. Mwalimu anaweza kumtuma mwanafunzi nyumbani Ijumaa na swali moja: maji yale ya juu kabisa, wazee wenu waliyaitaje?