Kona ya Mwalimu: Masomo ya mangaribi, nusu chuoni, nusu kwenye simu



Juma hili nimeulizwa swali moja mara tatu: mara mbili kwenye mkutano wa kikundi, mara moja kwenye mlango wa shule. "Mwalimu, muhula wa pili unakaribia. Nasikia kuna masomo ya mangaribi: siku mbili unaenda chuoni, siku zingine unasomea nyumbani kwenye simu. Mama mwenye watoto anaweza?" Jibu langu ni ndiyo, anaweza. Lakini kabla ya kutoa hata franka moja, tufanye hesabu pamoja.

Tuanze na saa. Vyuo vyetu sasa vinafuata mfumo wa LMD: licence ni miaka 3, master ni miaka 2. Kila muhula una krediti 30. Krediti moja ni kama saa 25 za kazi, tukijumlisha saa za kumsikiliza mwalimu na saa za kusoma peke yako. 30 mara 25 ni saa 750. Ukizigawa kwa majuma 15, ni saa 50 kila juma. Sasa chuo kinakuambia utakuja siku mbili tu, kuanzia saa 17 mpaka saa 20. Hizo ni saa 6. Zile zingine hazikufutwa. Zimehamishwa tu, zinakungojea nyumbani, kati ya kusonga bukari na kulaza watoto.

Kwa hiyo mama mwenye kazi au meza sokoni asijitwike krediti zote 30 kwa sababu tu jirani amefanya hivyo. Nenda kwenye ofisi ya chuo, uulize kama wanakubali ugawanye masomo ya mwaka mmoja kwa miaka miwili. LMD ina jambo moja zuri kwetu: krediti uliyokwisha kupata inabaki yako. Ukipunguza mwendo, hupotezi ulichovuna. Na kama wewe ni mpya kabisa, uliza pia kama wanapokea watu katikati ya mwaka, maana mara nyingi mwaka wa kwanza unafunguliwa mwanzoni tu. Wakisema hapana, tumia miezi hii kutafuta diplome yako ya Serikali, bulletins na cheti cha kuzaliwa. Karatasi hizo huchelewesha wamama kuliko masomo yenyewe.

Tena, chunguza chuo. Usione haya kuomba kuona arrêté ya Wizara ya Elimu ya Juu inayokiruhusu kufundisha somo hilo unalolitaka. Uliza kama diplome ya wa mangaribi ni ile ile ya wa mchana. Pesa zako lipa kwa bordereau au resi, si mkononi mwa mtu. Chuo cha kweli hakikasiriki kwa maswali hayo.

Kuhusu simu: uliza wanatuma masomo kwa njia gani. Video ya moja kwa moja inakula megabaiti nyingi, na umeme ukikatika katikati, somo limekupita. Sauti iliyorekodiwa na karatasi za PDF ni nyepesi; unazipakua mara moja, unazisoma hata bila intaneti. Na kama simu ni moja kwa nyumba nzima, mpatane mapema nani ataishika saa ngapi.

Sasa tuseme juu ya bwana. Wako wamama ambao bado wanaambiwa kwamba sheria inawalazimisha kuomba ruhusa. Hapo zamani Kanuni ya Familia ya 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya bwana wake kwa mambo mengi ya kisheria. Sheria nambari 16/008 ya tarehe 15 Julai 2016 iliondoa ruhusa hiyo. Leo inataka mke na bwana wapatane, wote wawili. Kupatana si kupiga magoti, wala si kuficha. Weka ratiba na gharama mezani, mzungumze: pesa za chuo, usafiri wa usiku, nani yuko na watoto siku zile mbili. Mwanaume akiona hesabu imeandikwa, mazungumzo yanakuwa mengine.

Nimeacha mwisho jambo linaloniuma zaidi kama mwalimu. Mama akienda chuoni mangaribi, nani anapika? Mara nyingi ni binti mkubwa. Ninamwona asubuhi darasani: macho mekundu, kazi ya nyumbani haikufanywa, kichwa kinalala juu ya daftari. Kaka yake aliyezaliwa mwaka mmoja mbele yake amefanya zoezi lote. Hapo mama anapanda ngazi akimkanyaga binti yake bila kujua. Miaka mitatu baadaye mama ana licence, na binti ameshindwa Exetat. Nyumba imepata nini?

Wapendwa, tusikubali hivyo. Kuosha vyombo, kuwasha makala, kumwogesha mdogo, hata mvulana wa miaka 12 anaweza. Siku zile mbili, pika mchana chakula cha kupasha moto tu. Na siku unazosomea nyumbani, keti mezani pamoja na watoto, kila mmoja na daftari lake, saa moja bila televisheni. Mtoto anayemwona mama yake akipiga mstari chini ya maneno hahitaji kuhubiriwa juu ya shule.

Kikundi nacho kina nafasi yake. Tuna likelemba kwa ajili ya arusi na matanga. Kwa nini tusiwe na moja inayoanguka siku ya kulipa tranche? Wamama wawili au watatu wakijiandikisha chuo kimoja, wanarudi pamoja usiku, wanagawana fotokopi, na siku mtoto wa mmoja ana homa, mwingine anamletea somo. Peke yako, muhula mmoja ni mrefu sana.

Wale wanaofikiria kuanza, tukutane dakika thelathini baada ya mkutano ujao. Kila mmoja aje na kalamu na ratiba ya juma lake, saa kwa saa, jinsi ilivyo kweli. Tutatafuta pamoja saa za kusoma zitatoka wapi. Zisipopatikana, tutangoja mwaka ujao bila aibu. Zikipatikana, tutakusindikiza.

Mwalimu wenu