Somo Gumu ni Halali, Mwalimu Asiyeulizwa si Halali

KILA muhula unapomalizika na matokeo ya mitihani ya vyuo vikuu kutangazwa, malalamiko yale yale huvuka bahari kutoka Dodoma hadi Unguja na Pemba. Mzazi huambiwa kwamba somo fulani halipitiki, na kwamba mhadhiri fulani ni mkali mno na hana huruma. Baada ya hapo hufuata maneno ambayo wanafunzi wenyewe wamekwisha kuyazoea: "sapu", yaani mtihani wa marudio, na "kudisko", yaani kuondolewa chuoni kwa kushindwa masomo. Wapo wanaosema kuwa vijana wa siku hizi ni wavivu. Wapo wanaosema kuwa wahadhiri ni wakatili. Sisi tunasema kwamba kauli zote mbili zinachanganya mambo mawili ambayo hayana budi kutenganishwa: ugumu wa somo na ugumu wa mwalimu.

Jambo hili si dogo, wala si la Dodoma peke yake. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianzishwa mwaka 2007, kikapangiwa kuwa na uwezo wa kuchukua wanafunzi 40,000. Mwaka huo huo kilianza Chuo Kikuu cha Mtakatifu Yohana katika mji huo huo. Hapo hapo kipo Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, lipo tawi la Chuo cha Elimu ya Biashara, kipo Chuo cha Madini, na nje kidogo ya mji, huko Hombolo, kipo Chuo cha Serikali za Mitaa. Uwanda ule wa kati, uliokuwa ukijulikana kwa ukame, zabibu na mifugo, leo ni shamba la elimu la taifa zima, na vijana wetu wa Visiwani wamo humo. Tena elimu ya juu ni jambo la Muungano kwa mujibu wa Katiba. Kwa hiyo kijana wa Wete au Makunduchi anapoanguka Dodoma kwa sababu isiyo ya haki, hilo ni jambo la Serikali zote mbili, na hakuna upande unaoweza kusema kuwa halimhusu.

Tuanze na ugumu wa somo. Yapo masomo ambayo ni magumu kwa asili yake, na hayana budi kubaki magumu. Takwimu ni ngumu. Kalkulasi ni ngumu. Kuandika programu za kompyuta, kujifunza utendaji wa viungo vya mwili wa binadamu, au kuchambua sheria ya mikataba, yote hayo yanadai saa nyingi za kukaa kitako na kufikiri. Daraja halina huruma na mhandisi aliyepewa alama za bure, na mgonjwa hapati nafuu kwa sababu muuguzi wake alionewa imani katika mtihani. Wahenga walisema elimu ni bahari, na sisi watu wa visiwani ndio tunaofahamu vizuri kuliko wengine kwamba bahari haibembelezwi. Mwanafunzi anayetaka somo lilegezwe ili yeye apite anaomba cheti kitakachomwaibisha kesho kazini.

Hata hivyo, ni wajibu wetu kuuliza ugumu huo unatoka wapi, kwa maana sehemu yake kubwa haikuzaliwa chuoni. Katika mtihani wa kidato cha nne, ambao Bara na Visiwani hufanya mmoja, waliofaulu hisabati mwaka 2021 na mwaka 2022 walikuwa takriban mtu mmoja katika kila watano. Wengi wa hao wanne waliobaki hawakuishia hapo. Walifaulu masomo mengine, wakaendelea mbele, na siku moja wakajikuta katika mwaka wa kwanza wa shahada ya mipango, ya biashara au ya elimu, mbele ya ubao uliojaa takwimu. Mhadhiri anadhani anajenga ghorofa ya pili, kumbe msingi haukuwekwa.

Jambo jingine ni lugha. Kwa muda mrefu mtoto wa Bara amesoma shule ya msingi ya Serikali kwa Kiswahili, kisha akatumbukizwa katika Kiingereza alipoingia sekondari. Zanzibar nayo, kwa Sera ya Elimu ya mwaka 2006, iliweka Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia hisabati na sayansi kuanzia darasa la tano. Njia zimekuwa mbili, lakini tatizo lililofika chuoni ni moja: mara nyingi kijana anaiweza hesabu, ila hakulielewa swali. Huyo huitwa mjinga, naye si mjinga. Amekwama kwenye mlango, hakukwama ndani ya nyumba.

Dawa ya ugumu wa namna hii ni jasho na mpango, na mwanafunzi hana budi kuijua tangu wiki ya kwanza. Katika vyuo vikuu vyetu vingi alama 40 katika mia hutokana na kazi za muhula, na 60 hutokana na mtihani wa mwisho, na ili afaulu somo mwanafunzi anahitaji jumla ya 40. Aliyezembea muhula mzima akaingia katika mtihani na alama 12 tu, anahitaji 28 katika 60 ili apone. Aliyefanya kazi yake akaingia na 28, anahitaji 12 tu. Hesabu hii haina siri, lakini kila mwaka wapo wanaoigundua wiki mbili kabla ya mtihani. Tena anayeingia katika mtihani wa marudio, hata akifanya vizuri namna gani, kwa kawaida huandikiwa alama ya C tu. Mwanafunzi asome muhtasari wa somo siku anapopewa, ajiunge na wenzake watatu au wanne wa kusoma pamoja, na aende kuuliza mapema. Kuuliza si ujinga. Aibu ya kuuliza ni ya dakika moja, na aibu ya kurudishwa nyumbani ni ya miaka.

Sasa tuje katika ugumu wa pili, ambao ni wa mwalimu. Hapa napo tuseme wazi kwamba mwalimu mkali si lazima awe mwalimu mbaya. Yupo mhadhiri anayefunga mlango darasa likianza, anayekataa kazi iliyochelewa, anayesahihisha kwa kalamu isiyosamehe. Lakini huyo huyo hufika kwa wakati, hufundisha alichoahidi, hurudisha karatasi, na huweza kukuonyesha mstari kwa mstari ulipokosea. Huyo ni hazina ya taifa, na wanafunzi wake humshukuru baada ya kuhitimu. Asichafuliwe jina.

Tunayemsema ni mwingine. Ni yule anayefundisha vipindi vitatu katika muhula mzima, kisha akatunga mtihani wa yale asiyoyafundisha. Ni yule ambaye karatasi za majaribio hazionekani tena mpaka mtihani wa mwisho umekwisha, hivyo mwanafunzi haelewi alipokosea wala alipopatia. Ni yule anayejisifu mbele ya darasa kwamba somo lake hawapiti watu, kana kwamba kushindwa kwa wanafunzi ni medali kifuani pake. Mkulima ambaye shamba lake lote limekauka, huku jirani zake wakivuna, hajisifu. Hujiuliza.

Na yupo aliye mbaya kuliko wote, anayeigeuza alama kuwa bidhaa. Mwaka 2020 Taasisi ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, TAKUKURU, ilitoa matokeo ya utafiti wake kuhusu rushwa ya ngono katika vyuo vikuu viwili vya umma, cha Dar es Salaam na cha Dodoma. Kwamba utafiti huo ulionekana kuwa wa lazima ni dalili tosha kuwa tatizo lipo. Kifungu cha 25 cha Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 kinakitaja kitendo hicho kuwa ni kosa la jinai. Kwa hiyo binti anayetakiwa mwili wake ili apewe alama hana "mwalimu mgumu" wa kuvumiliwa. Mbele yake yupo mhalifu, na njia yake ni kwenye vyombo vya sheria. Wazazi wa Visiwani wanaomtuma binti yao mbali wana haki ya kuhakikishiwa hivyo.

Lakini haki ina pande mbili, na mhadhiri naye ana madai yake. Tuchukue mfano wa darasa la mwaka wa kwanza lenye wanafunzi 600 chini ya mhadhiri mmoja. Akiwapa majaribio mawili na mtihani mmoja, atakuwa na karatasi 1,800. Akitumia dakika kumi kwa kila karatasi, hizo ni saa 300, yaani zaidi ya siku 37 za kazi za saa nane, bila ya kufundisha, bila ya kutafiti na bila ya kupumzika. Anayechelewesha karatasi katika hali hiyo pengine si mkatili. Amezidiwa. Serikali inayoongeza wanafunzi bila ya kuongeza walimu na wasaidizi wao haina budi kukubali kuwa inautengeneza ugumu huo kwa mkono wake.

Tunao mfano ambao haujasahauliwa. Mwezi Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,000 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi, hisabati na teknolojia ya habari waliamriwa kuondoka Chuo Kikuu cha Dodoma. Mpango huo ulikuwa umeanzishwa mwaka 2014 ili kuziba pengo la walimu wa masomo hayo magumu. Walimu wao walikuwa wameacha kufundisha kwa sababu ya mgogoro wa malipo, kisha likazuka na suala la sifa za wanafunzi kujiunga. Bunge lilichafuka kwa jambo hilo, na wengi wa vijana hao baadaye walihamishiwa katika vyuo vya ualimu. Lolote lisemwalo juu ya nani alikosea, funzo lake ni moja: mwajiri na mwalimu wanapogombana, anayefungasha mizigo ni mwanafunzi.

Hapa tuna neno kwa vijana wetu wa Visiwani. Sisi tumelelewa kumhesabu mwalimu kuwa mzazi. Tangu chuoni kwa maalim, mtoto hufundishwa kuinamisha macho na kutojibizana. Hayo ni malezi mema na tusiyaache. Lakini adabu haikatazi kudai haki, na kunyamaza mbele ya dhuluma si heshima. Mwanafunzi mwenye malalamiko ya kweli asiende na kelele wala matusi. Kwanza amwendee mhadhiri mwenyewe kwa upole, akiwa na karatasi yake mkononi. Asiposikilizwa, jambo lipelekwe na kiongozi wa darasa kwa mkuu wa idara, kwa maandishi, likitaja tarehe, somo na kilichotokea, bila ya kejeli. Juu ya mkuu wa idara yupo mkuu wa skuli au ndaki, na upo utaratibu wa rufaa. Ipo pia serikali ya wanafunzi. Malalamiko ya watu arobaini yaliyoandikwa vizuri yana uzito kuliko maneno elfu ya mabwenini.

Kwa wenye madaraka, tunapendekeza mambo manne. Kwanza, kila chuo kiweke muda maalumu wa kurudisha karatasi za majaribio, na asiyeutimiza aulizwe. Pili, mitihani isahihishwe kwa namba bila ya majina, na somo ambalo idadi kubwa ya wanafunzi wameshindwa lipitiwe na msahihishaji mwingine kabla ya matokeo kutangazwa. Si jambo geni. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza mwaka 1961 kilikuwa chini ya Chuo Kikuu cha London, na desturi ya mtahini wa nje tunayo tangu wakati ule. Tatu, maoni ya wanafunzi kuhusu ufundishaji yasiwe karatasi za kujazwa na kufungiwa kabatini. Yahesabiwe mhadhiri anapopandishwa cheo. Nne, mwaka wa kwanza uwe na mafunzo ya lazima ya hisabati za msingi na ya lugha kwa wanaoyahitaji. Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa Sheria ya mwaka 2005, inasimamia ubora wa vyuo pande zote za Muungano. Isimamie na hili.

Wala hakuna kisingizio cha umbali. Wizara zipo Mtumba, na Bunge lipo Dodoma hapo hapo. Wabunge wetu kutoka Visiwani hukaa huko miezi ya bajeti, Aprili hadi Juni. Tunawaomba watenge jioni moja tu wakakae na wanafunzi wa majimboni mwao, wawasikilize, kisha wakawasikilize na wahadhiri. Watajifunza mengi ambayo hayamo katika hotuba za wizara.

Nyuma ya kila kijana anayerudishwa nyumbani yupo mzazi aliyeuza karafuu, na lipo deni la bodi ya mikopo ambalo halifutwi kwa kushindwa. Ikiwa ameshindwa na somo, tumhimize ajipange upya. Ikiwa ameshindwa na mtu asiyeulizwa, basi aliyeshindwa si yeye peke yake. Sisi tunataka masomo yabaki magumu na milango ya haki iwe mipesi kufunguka. Wenye funguo wanajulikana, na sasa wazitumie.