Bomba Unalisafisha, Mgongo Je?

Leo tuache mbolea kidogo, tuongelee kiuno.

Kijana analima nyanya kibiashara, akimaliza kupulizia anasuuza bomba na kukagua nozeli. Kiuno kikiuma anapita duka la dawa, anameza diklofenaki, kesho anainama tena. Huo ni uzembe, na nausema kwa sababu nami nilikuwa hivyo hivyo.

Bomba la lita 16 likijaa, maji peke yake ni kilo 16. Jumlisha na bomba lenyewe, halafu hesabu unalinyanyua mara ngapi kwa asubuhi moja. Kuna msimu nililinyanyua kutoka chini huku nimejipinda, kiuno kikakaza, nikalala siku tisa. Bakajani chelewa ikapita shambani kwangu, nikaambulia kreti chache. Na kule kulala kumbe ndiko kulizidi kuniharibu, maana misuli inayoshikilia mgongo inalegea usipoitumia.

Mtaalamu wa fiziotherapia alinipa mazoezi ambayo mkeka tu unatosha. Unapiga magoti na kushika chini kama mtoto anayetambaa, unanyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, unahesabu mpaka kumi, unabadilisha. Mgongo usibonyee. Kisha unalala chali, unakunja magoti, unanyanyua makalio taratibu na kushusha. Dakika kumi zinatosha, ila iwe kila siku, hata kiuno kikiwa kimetulia. Shambani, kila ukimaliza tuta la palizi, simama wima, viganja kiunoni, jipinde nyuma kidogo mara tano. Wenzako watacheka. Wacheke.

Najua mtasema kulima tayari ni mazoezi. Hapana. Kulima ni kuinama upande ule ule kutwa nzima, na mgongo unachoka upande ule ule. Mazoezi yanaimarisha tumbo, makalio na misuli ya pembeni, ili mzigo usiangukie kiuno peke yake.

Na ile mikanda ya kiunoni mnayonunua mnadani? Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023 kuhusu maumivu sugu ya kiuno unapendekeza mazoezi yenye mpangilio. Mikanda haiipendekezi.

Ila zoezi likiongeza maumivu yanayoshuka mguuni, liache. Ukiona ganzi sehemu za siri, mkojo haushikiki, mguu unakosa nguvu, au maumivu yameanza baada ya kuanguka, usisubiri, nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Siku hizi bomba nalijazia juu ya meza, tena lita 10 tu (kipimo cha dawa mkipige upya, jamani, msiweke kile cha lita 16). Nachota mara nyingi zaidi, lakini msimu uliopita sikukosa hata siku moja ya kupulizia.