Historia ya Kantalamba isingoje wazee wamalizike

Shule kongwe ina mali za namna mbili: majengo na kumbukumbu. Majengo yakichakaa hukarabatiwa, kama Serikali ilivyofanya miaka ya karibuni kwa shule kongwe nyingi nchini. Kumbukumbu ikipotea, hakuna fundi awezaye kuirudisha. Jambo hilo linaihusu Shule ya Sekondari Kantalamba ya Sumbawanga, ambayo jina lake limefika mbali kuliko historia yake.

Ili thamani ya shule ya Serikali katika nyanda za juu za Ufipa ieleweke, hapana budi kutazama nyuma. Mapadri Weupe walishika kituo cha Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, mwaka 1885, na kwa miongo mingi elimu ya Wafipa ilikuwa hasa mikononi mwa misheni. Waingereza walipofungua shule ya Serikali huko Tabora mwaka 1925, nafasi zake za mwanzo zilikusudiwa wana wa machifu. Mtoto wa mkulima wa ulezi hakuwamo katika hesabu hiyo.

Uhuru ulibadili hesabu. Mwaka 1962 ubaguzi wa rangi shuleni ulikomeshwa. Mwaka 1964 ada ya sekondari ilifutwa. Na Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 iliziweka shule nyingi za mashirika ya dini chini ya Serikali. Mkoa wa Rukwa ulipoundwa mwaka 1974, ukiunganisha Sumbawanga iliyotoka Mbeya na Mpanda iliyotoka Tabora, ulikuwa mkoa wa pembezoni wenye barabara za vumbi. Vijana waliopangiwa kusoma huko kutoka mikoa ya mbali walijifunza baridi ya Ufipa na ukarimu wa wenyeji wake. Bweni liliwafanya ndugu watu ambao wasingekutana kamwe.

Historia ya namna hiyo haimo katika rangi mpya ya ukutani. Imo katika madaftari ya uandikishaji, katika picha zilizowekwa masandukuni, na katika vifua vya walimu wastaafu, wapishi na wanafunzi wa zamani, ambao umri wao hausubiri.

Wapo watakaosema kwamba wanafunzi wana mitihani, hawana nafasi ya kuhoji wazee. Hoja hiyo haina uzito. Somo la Historia ya Tanzania na Maadili limekwisha kuingizwa shuleni. Basi lianzie langoni mwa shule yenyewe. Kila darasa likiandika masimulizi ya wazee watano kwa mwaka, na nakala zikahifadhiwa shuleni na katika Nyaraka za Taifa, kazi kubwa itakuwa imefanyika kwa gharama ya kalamu na daftari.

Kijana anayejua kwamba dawati lake liliwahi kunyimwa babu yake hatalichezea. Uongozi wa shule, mkoa na waliosoma hapo waianze kazi hiyo mapema, wenye kusimulia wangali hai.