Rapu ya Kuchezesha na Rapu ya Maneno: Ipi Bora?



Ubishi ulioko mabwenini juu ya muziki wa rapu haujapata mwamuzi. Kundi moja lasema rapu nzuri ni ile yenye mdundo wa kuchezesha na kiitikio chepesi, ambacho mtu akikisikia mara moja hakimtoki kichwani. Kundi la pili lasema huo si ufundi bali ni biashara. Rapu ya kweli, wasema, ni ile ya maneno mazito, yenye vina vilivyopangwa na habari ya kufikirisha. Kwa kuwa kila upande wamtukana mwenziwe kuliko unavyomjibu, naomba nafasi katika kurasa hizi za Kiswahili nitoe rai yangu. Nami nasema mapema ili msomaji asibahatishe: mimi ni wa upande wa maneno, lakini siungi mkono dharau ya wenzangu wa upande huo.

Kwanza yafaa tujue muziki huu ulikotoka. Tarehe 11 Agosti 1973, katika nyumba ya ghorofa nambari 1520, barabara ya Sedgwick Avenue, mtaa wa Bronx mjini New York, msichana aitwaye Cindy Campbell alifanya dansi ya kiingilio apate fedha za kununulia nguo za shule. Mpiga santuri alikuwa nduguye, Clive, mzaliwa wa Jamaika, ambaye watu walimwita Kool Herc. Kijana huyu aling'amua jambo moja: wachezaji walingoja sana kile kipande cha santuri ambapo waimbaji hunyamaza na ngoma kubaki peke yake. Basi katika dansi zake akawa akiweka santuri mbili zilizo sawa katika mashine mbili. Kipande kikiisha huku, akianzisha kule, hata ngoma ikaendelea bila kukatika. Juu ya ngoma hiyo rafiki yake, Coke La Rock, alirusha maneno machache katika kipaza sauti, kuwasalimu waliokuwapo na kuwachangamsha. Hiyo ndiyo mbegu ya rapu.

Hapa wapenzi wa mdundo wana haki yao, wala haifai kuwanyima. Muziki huu ulizaliwa katika dansi, haukuzaliwa maktabani. Mwenye kusema maneno alikuwa mtumishi wa mpiga santuri, si bwana wake. Kadhalika santuri iliyoitangaza rapu duniani, yaani "Rapper's Delight" ya kundi la Sugarhill Gang, mwaka 1979, ilikuwa ya furaha tupu, juu ya mdundo wa wimbo "Good Times" wa kundi la Chic. Ilikuwa ndefu zaidi ya dakika 14, na watu waliicheza yote. Mtu akisema rapu ya kuchezesha si rapu, basi amemkana mama aliyeizaa.

Lakini mtoto hakai mgongoni mwa mamaye siku zote. Mwaka 1982 ilitoka santuri "The Message", kwa jina la Grandmaster Flash na Furious Five. Hii haikusifu dansi. Ilieleza maisha ya maskini katika mitaa ile ile ya New York: uchafu, madeni, shule mbovu, na kijana anayeishia gerezani. Kundi lenyewe lilisita kuiimba, maana walidhani watu waliokwenda kujifurahisha hawatapenda kukumbushwa shida zao. Kumbe waliipenda. Na mwaka 2002, Maktaba ya Bunge la Marekani ilipochagua sauti 50 za kwanza za kuhifadhiwa kuwa urithi wa taifa, "The Message" ilikuwa miongoni mwake. Tangu hapo ilijulikana kwamba msemaji wa dansi aweza pia kuwa shahidi wa watu wake.

Baadaye ufundi wa maneno ulizidi. Katika mwaka 1987 Rakim, pamoja na mwenziwe Eric B., alitoa albamu "Paid in Full". Kabla yake wengi waliweka kina mwisho wa mstari tu; yeye alivitia vina katikati ya mistari na kuvifuatanisha kama mpiga saksafoni, chombo alichojifunza utotoni. Wamarekani walistaajabu. Sisi tusomao Kiswahili hatuna haja ya kustaajabu sana, maana shairi letu la mizani 8 kwa 8 lina kina cha kati na kina cha mwisho tangu enzi za Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi hata karibu na mwaka 1840. Mtu akisema rapu yenye vina vya ndani ni jambo la kizungu lisilotuhusu, na afungue diwani.

Sasa natuje kwenye hoja kubwa ya wenzetu wa mdundo, nayo ni hoja ya hesabu. Wasema: watu ndio waamuzi, na watu wamekwisha kuamua kwa fedha zao. Kweli, MC Hammer alipotoa albamu yake ya mwaka 1990, yenye nyimbo za kuchezesha, iliuzwa zaidi ya nakala milioni 10 katika Marekani peke yake. Nas alipotoa "Illmatic" mwaka 1994, ambayo wajuzi wengi huihesabu kuwa miongoni mwa kazi bora kabisa za maneno katika rapu, ilipita miaka mingi kabla ya kupata cheti cha nakala milioni moja. Jay-Z mwenyewe, katika albamu yake ya mwaka 2003, alikiri waziwazi kwamba alipunguza uzito wa maneno yake kwa ajili ya wasikilizaji, na kwamba fedha zake zikaongezeka. Basi, wauliza wenzetu, mwataka nini tena?

Nami najibu kwamba kabla ya kusema watu wamechagua, yafaa kuuliza waliwekewa nini mezani. Mwaka 1996 Marekani ilipitisha sheria iliyoondoa mpaka wa idadi ya vituo vya redio ambavyo kampuni moja yaweza kumiliki nchini kote. Kabla yake kampuni haikuruhusiwa kupita vituo 40. Miaka michache baadaye kampuni moja, Clear Channel, ilikuwa na zaidi ya 1,200. Ofisi moja ikichagua nyimbo za vituo elfu, haina sababu ya kujaribu jambo jipya. Itapiga lile lililokwisha kuuzika. Siku hizi tena tunasikiliza kwa simu, na katika programu kama Spotify wimbo huhesabiwa kuwa umesikilizwa ukipita sekunde 30. Mtungaji mwenye akili ya biashara ataleta kiitikio upesi kabla msikilizaji hajauruka wimbo. Hadithi ya kuanza polepole, ambayo utamu wake uko katika ubeti wa tatu, yaingia sokoni hali imefungwa miguu. Wazee wetu walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Lakini hawakuona soko ambalo mwenye duka ndiye aamuaye kipi kiwekwe mbele na kipi kifichwe stoo.

Hata hivyo, wenzangu wa upande wa maneno nao wana kosa lao, tena si dogo. Wamekwisha kudhani kwamba ugumu ndio hekima. Mwaka 2014 Matt Daniels wa Marekani alihesabu maneno mbalimbali katika maneno 35,000 ya kwanza ya kila mwimba rapu aliyemchagua. Aesop Rock alikuwa wa kwanza kwa maneno 7,392. DMX alikuwa wa mwisho kwa maneno 3,214. Wengine wamechukua hesabu hiyo kama matokeo ya mtihani. Lakini aliyewahi kumsikia DMX akiomba dua juu ya santuri, kwa maneno ambayo mtoto angeyaelewa, ajua kwamba uchache wa maneno haukumzuia kugusa mioyo. Kamusi si kipimo cha moyo. Mtu ajazaye beti zake maneno yasiyoeleweka ili asifiwe na marafiki zake watatu, huyo naye ni debe linalovuma, ila limepakwa rangi ya elimu.

Tena natuangalie zile nyimbo tunazozisifu sisi wenyewe. "The Message" ina kiitikio ambacho nusu ya dunia yakijua. Queen Latifah alipotoa "U.N.I.T.Y." mwaka 1993 kuwakemea wanaume wanaowatukana na kuwapiga wanawake, hakuandika hotuba, aliweka kiitikio cha kuimbwa na watu wote, na wimbo ule ukampatia tuzo ya Grammy mwaka 1995. Kendrick Lamar, ambaye albamu yake "DAMN." ilipata tuzo ya Pulitzer mwaka 2018, ya kwanza kutolewa kwa muziki usio wa jazi wala wa kinanda cha kizungu cha kale, ndiye huyo huyo aliyechezesha viwanja vizima kwa "Not Like Us" mwaka 2024. Basi mdundo si adui wa maneno. Kiitikio ni mlango, na beti ni nyumba. Nyumba isiyo na mlango haimfai mtu, maana hawezi kuingia. Lakini mlango usio na nyumba nyuma yake ni kichekesho.

Huku Afrika Mashariki mambo ni yayo hayo. Mapema miaka ya 1990 Saleh Jabir wa Tanzania alichukua "Ice Ice Baby" ya Vanilla Ice, wimbo mwepesi kabisa, akautia maneno ya Kiswahili, na vijana wengi wakatambua kwa mara ya kwanza kwamba lugha yao yaweza kubeba rapu. Mwaka 2001 Profesa Jay alitoa "Ndio Mzee", akaigiza mwanasiasa anayeahidi kila kitu huku watu wakimwitikia ndio. Watoto waliuimba njiani wakicheka, na watu wazima wakaelewa nani anachekwa. Mwaka 2002 kundi la Gidi Gidi Maji Maji la Kenya lilitoa "Unbwogable", na neno hilo moja lisilo katika kamusi yo yote likawa wito wa upinzani katika uchaguzi ulioondoa chama kilichotawala tangu uhuru. Nani atasema kiitikio ni kitu kidogo?

Na kwa kuwa si kitu kidogo, ndiyo sababu ubishi huu si wa mchezo. Kiitikio kizuri hakiombi ruhusa. Huingia kichwani wakati tunafua nguo au tunapanga foleni ya chakula, na kesho twajikuta twakiimba. Maneno tuyasemayo mara mia hayabaki maneno, huwa mazoea. Yako maneno yaimbwayo humu shuleni juu ya wanawake ambayo hakuna mvulana angeyasema mbele ya mama yake bila mdundo. Kwa mdundo huyaimba mbele ya dada zetu, tena kwa nguvu, kisha wakiulizwa husema ni wimbo tu. Dada zetu husikia mdundo, na maneno pia.

Tena wako wenzetu wenye kipaji, nao hutunga. Wengi wao hutunga juu ya bastola wasizozishika, magari wasiyoyapanda na mitaa ya Los Angeles wasiyoijua. Watungaji wa Bronx walisema waliyoyaona, na kwa hiyo dunia ikawasikiliza. Atakaye kuwafuata kweli na awafuate katika jambo hilo, si katika mavazi. Tunayo ya kusema: karo zinazopanda, mjomba aliyekwenda Arabuni kutafuta kazi, shamba la babu lenye kesi, mitihani, na mapenzi pia, kwa kuwa nayo ni kweli.

Kiswahili kina neno moja lenye maana mbili zitufaazo hapa, nalo ni kina. Kina ni sauti ya kufanana mwisho wa mshororo. Kina ni urefu wa maji kwenda chini. Rapu yenye kina cha kwanza bila cha pili yatosha kwa dansi ya Jumamosi, wala si haramu. Yenye vyote viwili ndiyo itakayokumbukwa.

Kwa hiyo natoa shauri. Katika tamasha la muhula ujao, kila mwimba rapu asomewe sharti moja: kabla mashine haijawashwa, atamke ubeti wake mmoja mbele ya watu bila ngoma, kwa sauti yake tu. Kisha na apigiwe mdundo, tucheze hata viatu viishe soli. Ubeti ukisimama peke yake, na mdundo ukautia mabawa, tutajua tumepata mtungaji. Ukianguka, yeye mwenyewe atasikia ulivyoanguka, na hatahitaji mtu wa kumzomea.

Hayo ndiyo maoni yangu. Mwenye hoja nyingine na ashike kalamu, kwani mhariri angali ana nafasi katika toleo lijalo, nami niko tayari kujibiwa.