Swali la Tatu

Kila mwalimu anajua kwamba mtihani hupima kile tu kilichoulizwa. Mwanafunzi anayeulizwa hesabu peke yake hujifunza hesabu, na mengine huyaacha. Ndivyo tunavyoyaona mashindano ya Intel na AMD, watengenezaji wa prosesa, ambazo ndizo ubongo wa kompyuta za mezani.

Hatuyalaumu mashindano yenyewe. Kwa miaka mingi Intel ilitawala soko, na prosesa zake za kawaida hazikuvuka viini vinne. Mwaka 2017 AMD ikaleta Ryzen yenye viini vinane kwa dola 499, ilhali ya Intel yenye idadi hiyohiyo ilizidi dola 1,000. Kabla mwaka haujaisha, Intel nayo ikaongeza viini. Mnunuzi alinufaika.

Hata hivyo, wanunuzi huuliza maswali mawili tu: kasi yake ni ipi, na bei yake ni kiasi gani? Sisi wa Goma tunalo la tatu. Tantali, bati na wolframu hutumika katika kompyuta, na koltani, jiwe litoalo tantali, huchimbwa Rubaya, katika wilaya jirani ya Masisi, kwa sururu na koleo. Aprili 2024 machimbo hayo yaliangukia mikononi mwa M23.

Hatusemi kwamba hakuna aliyejaribu. Mwaka 2010 Marekani ilitunga sheria ya kuyabana makampuni yaeleze asili ya madini hayo. Januari 2014 Intel ikatangaza kwamba prosesa zake hazina madini yanayogharimia vita. Ilikuwa hatua njema. Lakini tunakumbuka pia Septemba 2010, serikali yetu iliposimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema hadi Machi 2011: familia zilizoishi kwa sururu zikakosa riziki. Kuyakimbia machimbo yetu kunaweza kumsafisha mnunuzi, hakumlishi mchimbaji.

Kwa hiyo tunasihi, tukianza na sisi wenyewe tunaonunua kompyuta za shule na ofisi zetu: baada ya kasi na bei, tuulize ni nani aliyechimba, na alilipwa nini. Anayeshindana hujitahidi kujibu swali analoulizwa. Tukinyamaza, kosa la mtihani huo ni letu pia.